Mama Ua na Lori la "Matumizi ya Nyumbani Tu"

Saa tatu asubuhi mteja wa kwanza anaingia studio akiwa amevimba. Hasalimii. Anachomoa picha kutoka kwenye bahasha, anaitupa mezani kama anayerudisha nyama iliyooza buchani, kisha anashika kiuno.

"Mama Ua, hii umenipa ya nani?"

Mwenye studio anavaa miwani na kuinamia picha. Ni ya mteja huyo huyo na mumewe, wamesimama bega kwa bega, wamependeza. Ukuta wenye nyufa uliokuwa nyuma yao umegeuzwa kuwa bluu tulivu. Kola ya bwana iliyokuwa imekunjamana imenyooshwa. Ukitafuta kasoro utalala njaa.

"Si wewe huyu, dada yangu?"

"Mimi ndiye. Ua liko wapi?"

Kwenye kaunta, wifi yake Mama Ua anajifunika uso kwa gazeti. Gazeti linatikisika. Anacheka kimyakimya, na kila anapojaribu kunyamaza anazidisha.

"Ua nimelitoa," Mama Ua anaeleza kwa upole. "Siku hizi halihitajiki."

"Halihitajiki na nani? Picha ya dada yangu inalo. Ya mama mkwe inalo. Mimi peke yangu ndiye nitundike ukutani picha isiyo na ua? Watu watasema nimetengenezewa vichochoroni!"

Hakuna ubishi unaosaidia. Mama Ua anaivuta kompyuta, anafungua picha, anabonyeza hapa na pale, na ua jekundu lenye petali tano linatulia kwenye pembe ya chini, upande wa kulia. Printa inakohoa, inatoa nakala mpya. Mteja anaichunguza, anatabasamu kwa mara ya kwanza na kuuliza habari za watoto.

Akishaondoka, wifi anafunua uso. Macho yamelowa.

"Mwandishi, umeona mwenyewe?" ananiambia. "Tumehangaika mpaka hilo ua likaweza kuondoka. Limeondoka, watu wanataka kutupiga."

Ukitaka kujua kwa nini wanawake hawa wawili wanacheka mpaka wanashikilia meza, inabidi kwanza ujue ua hilo lilikuwa linaficha nini.

Studio ni sebule ya nyumba ya Mama Ua. Alitoa makochi, akaweka pazia jeupe ukutani, taa mbili zenye miguu mirefu na kiti kimoja cha kuzunguka ambacho watoto wa wateja hawakiachi. Mlango wa mbele unaangalia barabara. Mlango wa nyuma unaingia jikoni, na ukikaa kupigwa picha ya pasipoti unaweza kusikia sufuria ikichemka.

Ana miaka arobaini na mmoja. Alijifunza kazi akiwa msaidizi wa studio kubwa, enzi ambazo watu walivaa nguo mpya kwenda kupigwa picha. Simu zenye kamera zilipoingia mikononi mwa kila mtu, studio ile ikafunga milango, naye akabaki na ujuzi wake, kamera moja na kompyuta ya mtumba aliyouziwa na tajiri wake wa zamani badala ya kiinua mgongo.

"Nilijua kupiga picha kumekwisha," anasema. "Kila mtu anapiga. Ila kuitengeneza picha, kuisafisha, kumtoa shemeji aliyetokea nyuma anatafuna, hiyo bado inataka fundi."

Kwa kazi hiyo alihitaji programu ya kuhariri picha. Aliyoizoea kule studio iliuzwa bei ambayo hata kuitamka ilikuwa dhambi. Akapakua toleo lake la bure, ambalo kampuni inawapa watu wajifurahishe: wapambe picha za harusi ya dada yao, wafute macho mekundu, basi. Biashara hairuhusiwi. Ukitaka biashara, nunua leseni.

Ili mtu asijisahau, toleo la bure lina tabia moja. Kila ukihifadhi picha, linaandika kwenye pembe ya chini, upande wa kulia, kwa herufi ndogo za kijivu: "Kwa matumizi ya nyumbani tu."

Kwa Kiswahili sanifu. Programu ile inakuruhusu kuchagua lugha, naye alichagua yake kwa fahari.

"Hilo ndilo kosa langu la kwanza," anasema. "Ningeiacha ilivyokuja, nani hapa mtaani angesoma?"

Namuuliza kama hakuyaona masharti siku ya kwanza. Ananitazama kama mtu aliyeulizwa kama anajua kusoma nyota.

"Mwandishi, wewe ukiletewa ukurasa mrefu na chini yake kuna kitufe cha 'Nakubali', unasoma au unabonyeza?"

Nageuza ukurasa wa daftari. Nina familia, sitaki kudanganya gazetini.

"Na zaidi ya hapo," anaendelea, "maneno yalikuwa 'matumizi ya nyumbani'. Na mimi niko wapi? Si nyumbani? Jikoni kwangu pale, kitanda changu pale. Nikajiambia, huyu mtu wa kampuni ananizungumzia mimi."

Hoja nzuri. Nusura nimpe mkono. Lakini kazi yangu ni kuuliza, nikauliza: kama aliamini hivyo, kwa nini aliyaficha maneno yale?

Anatazama dari. Wifi anajibu kwa niaba yake.

"Hapo amekukamata, wifi."

"Hapo umenikamata," Mama Ua anakubali.

Maneno yale ukiyafuta yalirudi, ila ukiyafunika yalitulia, basi akayaficha kwa ua. Mezani kulikuwa na maua ya plastiki, yale ambayo bibi harusi hupewa ashike. Akalipiga picha moja jekundu, akalikata vizuri, akalibandika juu ya maandishi. Mteja wa kwanza akalipenda. Wa pili akauliza kama na yeye atawekewa. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na saluni wala ukumbi wa harusi katika mji ule usiokuwa na ua jekundu pembeni mwa picha. Lilikaa kwenye vibandiko vya sabuni ya mche, kwenye mabango ya wasusi, kwenye picha za marehemu zinazobebwa mbele ya jeneza.

Watu wakaacha kumwita kwa jina la mwanawe. Akawa Mama Ua.

"Nilikuwa naitwa jina hilo barabarani, nageuka, naitika, huku moyo unanisuta," anasema. "Maana mimi peke yangu ndiye nilijua chini yake kuna nini."

Kabla ya kisa cha lori la mikate, ambacho tutakifikia, palitokea jambo dogo ambalo anasema lilimuuma kuliko yote yaliyofuata.

Aliingia kwenye duka la vifaa vya shule, akakuta kalenda mpya imetundikwa. Juu yake kulikuwa na picha ya bibi harusi aliyoitengeneza yeye, alfajiri mpaka jioni, uzi kwa uzi wa shela. Mchapaji wa kalenda hakuomba ruhusa wala hakumtaja. Hata ua hakuliondoa.

Alimfuata ofisini kwake akiwa moto. Mchapaji hakupandisha sauti. Alichukua kioo cha kukuzia, akaliangalia ua kwa muda, kisha akamgeuzia kalenda.

"Na hiki kilicho chini ya ua, mama, ni cha nani?"

Mama Ua aliondoka bila kuaga.

"Labda sheria ingenitetea, sijui," anasema, na sasa hacheki. "Picha ilikuwa yangu, kila mtu anajua. Lakini nilikosa uso wa kuidai. Fikiria umeibiwa, unamkamata mwizi, halafu ni wewe unayeinamisha kichwa."

Mume wake ni dereva wa lori la mikate. Amefanya kazi kwenye tanuri kubwa la mikate la mji ule tangu hawajaoana, na kila mtu kwenye njia yake anamwita Dereva, kana kwamba duniani hakuna mwingine. Mwenye tanuri ni mwanamke mmoja mkavu, mwenye hesabu kali, ambaye wafanyakazi wake wote humwita Madam. Alipoamua kuyavalisha malori yake sita picha kubwa za mikate, na baadaye karatasi za kufungia mikate, Dereva alijipiga kifua.

"Madam, kuna mtu namfahamu. Nalala naye nyumba moja."

Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Kwa siku nzuri studio ilipata watu kumi wa picha za pasipoti, kwa siku mbaya wawili na mvua. Kazi ya Madam peke yake ingelisha nyumba mwaka mzima, na karatasi za mikate zingeendelea kuhitajika kila msimu. Madam alianza na lori moja, la Dereva, aone kama linapendeza.

Mama Ua alitengeneza picha ya mkate uliokatwa, siagi inayeyuka. Na kwenye pembe, kama kawaida, ua.

Alichosahau ni ukubwa. Juu ya picha ya kushika mkononi, ua lile ni kubwa kuliko maandishi na linaonekana limejaa. Juu ya ubavu wa lori, ua linakuwa pana kama mlango, na kati ya petali na petali panabaki nafasi. Herufi za kijivu, zilizokuwa ndogo kama punje za mchele, zimekuwa ndefu kama kidole.

Aliyesoma wa kwanza alikuwa mwenye duka mmoja, wakati Dereva anashusha kreti.

"Dereva, hii mikate mbona hairuhusiwi kuuzwa? Imeandikwa kwa matumizi ya nyumbani tu."

Dereva alizunguka gari, akaangalia. Maneno yalikuwepo kweli. Lakini si mtu wa kukosa jibu.

"Kwani wewe mkate unaulia wapi?"

Watu wakacheka, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa balaa. Mmoja akapiga picha kwa simu. Kabla lori halijamaliza njia yake, picha ilikuwa imeshafika sehemu ambazo mikate ya Madam haijawahi kufika. Kwenye kila duka alikosimama, Dereva aliulizwa kama na kula mkate barabarani ni kosa, na faini yake kiasi gani. Wengine walichungulia kati ya petali kwa jicho moja.

Madam aliwaita wote wawili, mke na mume. Hakuwa anacheka.

"Siwezi kubandika kwenye magari yangu kitu ambacho aliyekitengeneza hana ruhusa ya kukiuza," alisema, kama Mama Ua anavyokumbuka. "Kesho mwenye programu akinijia nitamwambia nini? Kwamba ua lilikuwa zuri?"

Akawapa mpaka mwisho wa mwezi. Akiletewa picha mpya, pamoja na leseni ya kuonyesha kwamba imetengenezwa kihalali, kazi yote itabaki kwa Mama Ua. Asipoletewa, atatafuta fundi mwingine, na studio isimjue tena. Lori likaegeshwa libanduliwe. Dereva akapelekwa ndani kupanga kreti.

"Tanuri lile lina utani wake," anasema Dereva mwenyewe, niliyempata akila chakula cha mchana jikoni. "Walikuwa wananipitia na kuniambia, Dereva, angalia usimwage unga. Nami nacheka nao. Lakini usiku nilikuwa najiuliza, huu unga si ndio unamwagika kweli?"

Hakumlaumu mkewe hata siku moja, anasema Mama Ua, na hilo ndilo lililomtesa.

Mtaa wa pili kuna fundi wa kompyuta, kijana mchangamfu, msaidizi wa kila mtu. Alikuja bila kuitwa.

"Mama Ua, ya nini kujitesa? Nakuwekea iliyokrakiwa, ile iliyovunjwa kufuli, haina alama wala nini. Na hicho cheti cha leseni wanachotaka, si wewe mwenyewe ni fundi wa picha? Kitengeneze!"

Hapa Mama Ua ananiambia niandike tu. Hana cha kuficha tena, anasema, na hiyo ndiyo raha yake ya siku hizi.

Kuhusu programu iliyokrakiwa alikataa papo hapo. Kuhusu cheti, alikaa akifikiri. Mchana mmoja alifunga mlango wa mbele, akawasha kompyuta, akaanza kutengeneza leseni bandia.

Anasema ilikuwa kazi safi. Nembo ya kampuni, mstari wa dhahabu, jina lake, nambari ndefu isiyo na maana, hata kivuli cha muhuri. Mwenye kampuni mwenyewe angeisalimia. Akabonyeza kuhifadhi.

Kwenye pembe ya chini ya leseni, upande wa kulia, kwa herufi ndogo za kijivu, pakaandikwa: "Kwa matumizi ya nyumbani tu."

"Na unajua mkono wangu ulifanya nini?" ananiuliza. "Ulikwenda wenyewe kwenye ua. Bila kuambiwa! Nimeshaliburuta nusu, nataka kulibandika juu ya leseni. Ndipo nikajiona. Mwanamke mzima, mama wa watoto watatu, anaificha leseni kwa ua."

Alicheka. Kisha akalia. Wifi, aliyekuwa jikoni, alifika akakuta vyote viwili vinafanyika kwa wakati mmoja, akadhani kuna msiba.

"Nilipoiona ile leseni yenye ua nusu, mbavu sina," anasema wifi. "Nilipomaliza kucheka nikamwambia, wifi, hii kitu inunuliwe. Tumechoka."

Kununua kukawa na visa vyake. Leseni ya biashara hulipwa kila mwezi, na ya mwezi mmoja ni sawa na picha za pasipoti za watu ishirini na wawili. Si mlima, lakini si kichuguu pia, hasa mwezi ambao Dereva anapanga kreti. Wifi alikuwa anajiwekea akiba ya kabati la nguo. Kabati likasubiri. Alitoa kwa sharti moja: naye afundishwe kazi.

"Nimekaa kwenye kaunta nikipokea bahasha za watu mpaka basi," anasema. "Na mimi nataka kumfuta mtu kwenye picha."

Kisha kampuni ilitaka kulipwa kwa kadi ya benki, na Mama Ua hakuwa nayo. Walikwenda benki wawili, wamevaa vizuri, wameshika vitambulisho. Karani aliuliza akaunti ni ya biashara gani. Wakatazamana. Biashara haikuwahi kuwa na jina. Mlangoni pameandikwa "Picha" kwa rangi ya mafuta, basi.

"Andika Ua," alisema wifi.

"Ua nini?"

"Ua tu. Kila mtu analijua."

Siku ya kununua, walifanya jambo ambalo nadhani mimi na wewe msomaji hatujawahi kulifanya. Walisoma masharti. Yote, kutoka juu hadi chini, mlango umefungwa, wateja wameambiwa warudi mchana. Wifi alisoma kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari, Mama Ua akimsimamisha kila wasipoelewa. Kuna sehemu iliwachukua muda mrefu wakibishana kama "mtumiaji mmoja" maana yake mtu mmoja au nyumba moja. Waliikubali kuwa mtu mmoja, na hoja ya nyumba ikazikwa rasmi.

Walipofika kwenye mstari unaosema matumizi ya biashara yanaruhusiwa, wifi aliurudia. Akaambiwa aurudie tena. Akausoma amesimama kabisa, kwa miguu yake.

"Mara ya kwanza nilibonyeza 'Nakubali' kama anayefukuza nzi," anasema Mama Ua. "Safari hii nilibonyeza kama ninayeweka sahihi siku ya ndoa."

Jambo moja lilikuwa bado linamkaa rohoni. Akawaandikia watu wa kampuni, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba toleo lao la nyumbani amelifanyia biashara kwa miaka, na kwamba sasa amelipa. Alikaa roho mkononi akingoja jibu. Lilikuja fupi: wanamshukuru kwa kusema, aendelee na leseni aliyonayo, na karibu.

"Karibu!" anarudia, kana kwamba hajaamini bado. "Mtu nimeingia kwake kwa dirisha miaka yote hiyo, ananikaribisha mlangoni."

Picha ya zamani hakutaka kuigusa. Alianza upya. Alikwenda mwenyewe tanurini asubuhi, mikate inapotoka, mvuke bado unapanda. Dereva, aliyekuwa zamu ya kreti, alimshikia sinia la bati lililong'arishwa ili limrudishie mwanga upande wa kivuli. Wapangaji wenzake walijaribu kumtania, akawaambia wasimtingishe, yuko kazini.

Alirudi nyumbani, akaitengeneza mpaka ganda la mkate likawa na rangi inayotia njaa. Akabonyeza kuhifadhi. Akaangalia pembe ya chini, upande wa kulia.

Hapakuwa na kitu. Palikuwa na kitambaa cha meza na kivuli cha mkate.

"Nilikaa naangalia ile pembe tupu," anasema. "Watu wengine wanaangalia bahari. Mimi nilikuwa naangalia pembe. Nilifurahi mpaka nikaogopa."

Alimpelekea Madam picha kwenye flashi na leseni kwenye karatasi, kabla ya mwisho wa mwezi. Madam aliisoma leseni neno kwa neno, kisha akaikunja na kuiweka kwenye faili. Akaigeukia picha. Akaitazama kwa karibu, kwa mbali, akavua miwani, akavaa.

"Nzuri sana," alisema. "Ua liko wapi?"

Mama Ua alidhani anadhihakiwa. Madam hakuwa anadhihaki mtu. Alieleza kwamba tangu kisa kile kitokee, watu madukani wamekuwa wakiulizia "mikate ya ua". Mauzo hayakushuka. Watu walikuja kucheka, wakaondoka na mkate. Sasa yeye, mwenye tanuri, aondoe kitu pekee ambacho wateja wanakikumbuka?

"Lakini Madam, ua lilikuwa la kufichia."

"Basi niwekee la kuonyeshea."

Mama Ua alirudi na kutengeneza ua jipya. Safari hii hakutumia la plastiki. Aliomba la kweli kwa jirani, akalipiga picha likiwa limesimama kinyume cha jua. Petali zake ni nyembamba, mwanga unapita. Na amezitawanya kwa makusudi, nafasi kati yake ni pana. Popote utakapolibandika, unaona kilichopo nyuma.

Malori sita yalitoka getini yamevalishwa, la Dereva likiwa mbele. Alipiga honi mtaa mzima. Watu walitoka nje wakidhani kuna harusi. Mama Ua alisimama mlangoni kwake na wifi yake, wameshikana mikono, na anakiri kwamba alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Kazi ya karatasi za mikate nayo aliipata. Leseni tangu wakati huo inalipwa na kazi yenyewe, na Dereva hajaona kreti tena isipokuwa za kushusha.

Wiki iliyopita alipata mgeni studio. Mchapaji wa kalenda. Alikuja kwa miguu yake, akakaa kwenye kiti cha kuzunguka, akaomba ruhusa ya kutumia picha mbili kwa kalenda ijayo.

"Ulimjibu nini?" nauliza.

"Nilimwambia nitafikiri." Anatabasamu kama mtu anayelamba sukari. "Nilikuwa nimeshafikiri. Ila nilitaka asubiri kidogo, azunguke na kile kiti."

Baada ya chai, alimkubalia, kwa makubaliano ya maandishi na jina lake chini ya kila picha. Alizungumza naye akimtazama machoni. Hilo ndilo alilokuwa akilidai, anasema.

Mipango haimwishi. Mwezi ujao wanavunja ukuta mfupi kati ya sebule na chumba cha stoo, waweke meza ya pili. Meza hiyo ni ya wifi, ambaye sasa anafuta watu kwenye picha bila huruma na ameanza kuletewa kazi zake mwenyewe. Atakuwa na leseni yake, kwa jina lake, kwa sababu masharti ni mtumiaji mmoja na wao, tofauti na sisi, wameyasoma.

"Halafu naweka bango mlangoni," anasema Mama Ua. "'Ua. Picha za Biashara.' Neno 'biashara' nitaliandika kubwa kuliko mlango."

Kabati la wifi limeshanunuliwa pia. Limekaa chumbani, na mlangoni pake amebandika ua.

Saa tisa lori linasimama tena nje. Dereva anashuka na kitambaa mfukoni, na kabla ya kuingia ndani kusalimia mtu, anakwenda kwenye ubavu wa gari na kuifuta ile pembe ya chini, upande wa kulia. Ndiyo kawaida yake siku hizi.

Mpita njia mmoja anapunguza mwendo. Anainama, anafumba jicho moja, anachungulia kati ya petali. Ni wazi kisa kilimfikia. Anasogea kushoto, anasogea kulia.

"Chungulia, ndugu yangu, chungulia mpaka uchoke," Dereva anamwambia, akikunja kitambaa chake. "Nyuma ya hilo ua kuna mkate tu."